TUSIWAACHE MKONO WATOTO WETU MLANGONI MWA KIDATO CHA KWANZA

*Ujumbe wa Tawi kwa wanachama na wananchi wote wa Tunguu*



Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana. Mtihani wa darasa la sita umekwisha. Watoto wapo majumbani wanasubiri matokeo, na Januari, Mwenyezi Mungu akipenda, wataingia kidato cha kwanza. Kamati ya Tawi imekaa na kuona suala hili tuliseme wazi, kwa sababu mwaka jana lilipita mbele ya macho yetu na hatukuliona.

Siku ya kwanza ya darasa la kwanza nyumba nzima hutoka. Mama kashika mkono, baba kaomba ruhusa kazini, bibi yupo mlangoni anamuombea dua. Miaka sita baadae mtoto huyo huyo anaanza sekondari, tunampa sare, nauli na neno moja: "Sasa umekuwa mkubwa." Tawi linasema hapo ndipo tunapokosea. Mtoto wa miaka 12 au 13 anamhitaji mzazi pale zaidi ya alivyomhitaji siku ile ya mwanzo.

Tukio lenyewe tunalisema bila ya jina. Mwaka jana mwezi wa Machi tuligundua kijana mmoja wa hapa hapa kwetu hajaingia darasani wiki nyingi. Kila asubuhi alitoka nyumbani na sare yake, mkoba begani, akaenda kubeba matofali kwenye jengo. Baba yake alijua mtoto anasoma. Alipoulizwa, kijana alisema alisimamishwa kujibu swali kwa Kiingereza, wenzake wakamcheka, na tokea siku ile hakuweza kurudi. Linalotuuma zaidi ni kuwa sisi viongozi tulipita nyumba ile mara tatu katika kipindi hicho kuhakiki kadi. Hakuna aliyeuliza mtoto anaendeleaje na masomo.

*Kinachobadilika ni kikubwa*

Lugha ndiyo ya kwanza. Sekondari masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akieleza vizuri Historia na Uraia kwa Kiswahili anakuta yale yale anayoyajua yamepewa majina mengine. Anakaa kimya, na kimya chake kinachukuliwa kuwa ni ujinga.

Walimu pia wanakuwa wengi. Msingi mwalimu anamjua mtoto na mama yake. Sekondari kila kipindi anaingia mwalimu mwengine, na inaweza kupita miezi kabla hajatokea wa kugundua kuwa mtoto yule wa nyuma haandiki.

Halafu kuna safari. Anayepangiwa skuli ya mjini anasimama kituoni alfajiri na gari za shamba zinapita zimejaa, nyengine zinawaacha wanafunzi kwa sababu nauli yao ni ndogo. Akichelewa anaadhibiwa. Akipewa lifti ya bodaboda na asiyemjua, hasa mtoto wa kike, sote tunajua hatari yake. Vita vya udhalilishaji tunavyovihubiri mikutanoni vinaanzia pale kituoni.

Wapo wanaotwambia, "Sisi tulisoma, hakuna aliyetufuata." Tunawaheshimu, lakini tukumbuke. Wengi wetu tulimaliza darasa la saba. Sera ya Elimu ya 2006 iliweka msingi miaka 6 na sekondari miaka 4, kwa hiyo watoto wa sasa wanafika sekondari wakiwa wadogo kuliko sisi. Na tuwe wakweli: katika wale tulioanza nao, wangapi walifika mwisho? Tunaowasikia wakisema walisoma peke yao ni wale waliofika. Walioachia njiani hawaulizwi.

Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo. Kabla ya hapo kiti cha sekondari kilikuwa cha wachache, na mtoto wa shamba alikipata kwa nadra. Leo kiti kipo. Kazi iliyobaki ni kumfanya mtoto akae juu yake hadi mwisho, na kazi hiyo hatuwezi kuiachia Serikali peke yake.

*Elimu ipo uwanjani petu*

Tunguu yetu ina jambo ambalo vijiji vingi havina. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kipo hapa. Chuo Kikuu cha Zanzibar kipo hapa. Vijana kutoka Pemba, Bara na kwengine wanakuja kusoma, wanapanga vyumba vyetu, wananunua mandazi yetu. Ni aibu mtoto aliyezaliwa mita chache kutoka ukuta wa chuo kikuu aache skuli kidato cha kwanza kwa kukosa mtu wa kumsomesha Kiingereza.

Kwa hiyo Tawi limeamua:

1. Kila Jumamosi na Jumapili asubuhi, kuanzia wiki ijayo hadi skuli zifunguliwe, ofisi ya Tawi itakuwa darasa la Kiingereza kwa wanaosubiri kidato cha kwanza. Vijana wetu waliosoma vyuo hivi viwili wamekubali kusomesha. Hakuna malipo.

2. Darasa hili ni la watoto wote wa Tunguu. Mtoto hana kadi ya chama. Mzazi wa chama chengine amlete mwanawe bila ya wasiwasi. Hatutamuuliza kitu na hatutampiga picha. Mjumbe atakayemrejesha mtoto kwa sababu ya siasa za babake atakuwa na kesi na Kamati.

3. Mwenye sare au vitabu vya sekondari ambavyo havitumiki avilete kwa Katibu. Anayehitaji amwambie mjumbe wake kwa siri, na siri itunzwe.

4. Mwezi wa Februari tutapita nyumba kwa nyumba tena. Safari hii hatutabeba daftari la kadi. Tutauliza suala moja: mtoto anakwenda?

*Kwa wazazi tunaomba haya*

Kabla ya kufungua, nenda na mtoto hadi skuli yake mpya siku moja, kwa gari ile ile atakayopanda. Wiki mbili za mwanzo mfuate mwalimu wa darasa, jitambulishe, acha namba yako. Usiku muulize amekaa na nani na kipi hakukifahamu, halafu msikilize bila ya kumkemea.

Kwa matokeo yanayokuja: asiyechaguliwa skuli za vipawa au michepuo hajafeli. Amepangiwa skuli nyengine na safari ni ile ile. Tusimlinganishe na mtoto wa jirani mbele yake.

Binti apewe muda wake. Akirudi saa nane akakuta vyombo, mtoto mchanga na maji ya kuteka, atafungua daftari saa ngapi? Kaka zake nao wana mikono. Na saa za madrasa zikigongana na masomo, mzazi azungumze na ustadhi. Tusimtoe mtoto chuoni wala skuli, muda upangwe.

Kwa upande wa Serikali, tunashukuru kwa skuli za ghorofa zinazojengwa, zimepunguza msongamano. Lakini tunaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iangalie wiki za mwanzo za kidato cha kwanza ziwe za lugha kwanza, masomo mengine yafuate. Na wanaosimamia usafiri wahakikishe mwanafunzi haachwi kituoni. Haya tutayafikisha ngazi za juu kwa maandishi, na majibu tutayaleta hapa hapa kwenye kundi, yawe mazuri au mabaya.

Yule kijana wa matofali amerudi darasani baada ya mwalimu mmoja na mjomba wake kukaa nae. Alipoteza karibu muhula mzima. Mwaka huu asiwepo mwengine.

Mjumbe, msomee jirani asiye na simu. Mwanachama, sambaza.

*Elimu bila malipo isiwe elimu bila mzazi.*

Imetolewa na Kamati ya Tawi, Tunguu.