Mgongo wa mchuuzi hautibiwi kwa vidonge peke yake

Mwezi uliopita mama mmoja anayevusha mchele na sabuni kutoka Manyovu hadi Mugina alinifungulia mkoba wake. Mlikuwa na diklofenaki za kununua sokoni, bila cheti cha daktari. Anameza kabla ya kubeba mzigo, na anameza tena usiku ili apate usingizi. “Mwalimu, bila hizi siinuki,” aliniambia.

Mama huyu alikuwa mwanafunzi wangu wa yoga. Aliacha kwa sababu kiongozi wa kanisa lake alimwambia anashiriki ibada ya Wahindi.

Mimi nilisomea kambini Mtabila, wilaya ya Kasulu. Kambi ilipofungwa Desemba 2012 tulirudi Burundi na mizigo yetu, na maumivu yetu pia. Wenzangu mliorudi mnajua: kuni na maji kichwani tangu utotoni, foleni ya mgao juani, na usiku ukisikia gari linaunguruma mabega yanapanda hadi masikioni. Siku hizi gari hilo ni la muuza dagaa tu, lakini mabega bado yanapanda.

Sikulijua hilo mpaka nilipokwenda Nairobi kumtembelea dada yangu, akanipeleka kwenye darasa la vijana waliofunzwa na Africa Yoga Project, shirika lililoanza huko mwaka 2007. Binti aliyetufundisha aliniambia, “Mwalimu, shusha mabega, toa pumzi.” Kumbe nilikuwa nimeibana, labda kwa miaka.

Hicho ndicho ninachowafundisha wachuuzi chini ya mwembe. Tunalala chali mkekani na kuvuta goti moja moja kifuani. Tunashika chini kwa mikono na magoti, tunapinda mgongo kama paka aliyeshtuka, kisha tunaulegeza polepole. Namuuliza kila mmoja: unasikia nini, na upande gani? Anayesema mguu unakufa ganzi au umeishiwa nguvu namsimamisha palepale, aende kituo cha afya. Huyo si wangu. Halafu tunainua mzigo: magoti yakunjwe, mzigo ukae karibu na tumbo, pumzi itoke wakati wa kuinua.

Wataalamu wa tiba hawalioni jambo hili kuwa mchezo. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kilitaja yoga kwa jina kati ya njia za kuanza nazo kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno. Mwaka huohuo utafiti wa Boston uliwafuatilia watu 320, wengi wao wa kipato kidogo, na baada ya wiki 12 yoga haikuwa nyuma ya tiba ya viungo ya hospitali. Vidonge vya sokoni navyo, vikimezwa ovyo miezi na miezi, hutoboa tumbo na kuumiza figo.

Sitamdanganya mtu kwamba yoga haina uhusiano na dini. Ilizaliwa India, na huko wako wanaoifanya kama ibada. Pale mwembeni hatuimbi wala hatutaji mungu wa mtu. Anayetaka kusali Baba Yetu akiwa amelala chali, na asali. Wapo wanaofanya hivyo. Ninachowaomba viongozi wa dini ni kimoja: kabla ya kumkataza muumini, njooni mkae mkekani jioni moja mjionee. Mkishamkataza, mwambieni pia nani atambebea gunia, maana mpaka sasa jibu alilobaki nalo limo mkobani.

Wengine hulalamika hawana muda. Nawaelewa, forodha haisubiri mtu. Lakini dakika kumi kabla ya kulala zinapatikana, hata chumbani, hata kwenye khanga iliyotandikwa sakafuni.

Mimi nipo mwembeni kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Mikeka ni kumi na miwili. Wiki iliyopita tulikuwa watano.