Namba E, Injini ya 2006: Acheni Kununua Gari kwa Macho

Kuna dada mmoja maarufu hapa mjini, jina naliweka kapuni. Aliposti ndinga yake nyeupe, inang'aa kama imetoka kiwandani jana, utepe mwekundu juu ya boneti, namba E. Komenti zikamiminika: hongera mama, Mungu fundi, na mimi siku yangu inakuja. Miezi mitatu baadaye posti za gari zikakata ghafla. Mjini hakuna siri. Gari lilikuwa gereji, injini imefumuliwa, fundi anasubiri pesa ya spea.

Simcheki. Kumiliki gari kwa jasho lako si jambo dogo. Ila nina neno na wale waliojazana kwenye komenti. Wote waliipongeza namba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza gari ni la mwaka gani na limetunzwaje.

Tuelewane hapa. Herufi kwenye namba ya Tanzania inakuambia gari limesajiliwa lini kwetu. Haikuambii limetengenezwa lini Japani. Jirani zetu Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini. Sisi mlango uko wazi, ila unalipa ushuru wa ziada kwa gari lililozidi umri huo. Kwa hiyo gari la 2006 linaweza kushuka bandarini, kupigwa polishi na kupewa namba mpya kabisa. Bibi kavaa gauni la mjukuu.

Tuchukue Mark X, maana ndiyo ndoto ya vijana wengi sasa hivi. Mshua, ina sauti, ukipaki nje ya kiota watu wanageuka. Toleo la kwanza, lile GRX120, lilianza kuuzwa mwishoni mwa 2004 likaisha 2009. Hata iliyo changa kuliko zote kwenye toleo hilo imeshapita miaka 15. Lina injini ya V6 za aina mbili, 2.5 na 3.0, na kwa Wajapani ilikuwa sedani ya baba mwenye kazi nzuri, mtu wa kuitunza. Hiyo ni sifa ya kweli.

Najua kuna wanaosema "Toyota haifi". Nusu ya maneno hayo ni kweli. Injini hizi zinatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo huna presha ya kubadilisha mkanda kila baada ya kilomita kadhaa. Spea zinapatikana, kwa sababu Crown za enzi ileile zinatumia injini za familia hiyohiyo. Mafundi wameizoea.

Nusu ya pili ndiyo watu hawaambiwi. Injini hizi zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwenye injini za kawaida petroli inapita kwenye vali na kuzisafisha. Kwenye hizi haipiti, kwa hiyo masizi yanajikusanya nyuma ya vali mwaka hadi mwaka. Lexus IS250 yenye injini hiyohiyo ya 2.5 ilijulikana Marekani kwa tatizo hilo. Gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama, nguvu inapungua, plagi na koili zinalaumiwa bure. Ongeza mwenye gari aliyekuwa anachelewesha oili, ringi za pistoni zinachoka, na gari linaanza kunywa oili kama linavyokunywa petroli. Tena injini hizo za mwanzo Wajapani walizipangia petroli yao ya daraja la juu, siyo yoyote ile.

Kwa hiyo jina "Mark X" peke yake halikupi jibu. Ziko mbili zimepaki pamoja, rangi moja, mwaka mmoja, moja itakutumikia miaka mingine mitano na nyingine itakumaliza kabla ya Krismasi. Tofauti yake ni historia. Na historia inasomeka, ukijua pa kuangalia.

Anza na kilomita, maana ndipo tunapopigwa sana. Japani kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: gari jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama yake inauma. Ndiyo maana wengi huamua kuuza. Magari mengi hupita mnadani, na huko kila gari linaandikiwa karatasi ya ukaguzi yenye daraja, kilomita na mchoro wa sehemu zilizoguswa. Daraja 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linavumilika. Ukiona R au RA, ujue liliumia likatengenezwa. Muuzaji aliyeagiza mwenyewe anaweza kukuonyesha karatasi hiyo. Linganisha namba ya chesi na iliyopo kwenye gari, tarakimu kwa tarakimu.

Hana karatasi? Fungua mlango wa dereva, halafu fungua boneti, tafuta stika za Kijapani za kubadilisha oili. Maandishi hutayaelewa lakini tarakimu unazielewa. Stika ikisema oili ilibadilishwa kwenye kilomita 118,000 na dashibodi inasoma 79,000, mazungumzo yameishia hapo. Na usidanganywe na mwaka. Wajapani huhesabu pia kwa enzi za wafalme wao, kwa hiyo "18" kwenye stika ya zamani ni mwaka wa 18 wa enzi ya Heisei, yaani 2006. Siyo 2018. Unajumlisha 1988 unapata jibu. Kuna dalali mmoja Kinondoni anajua sana kuitumia hiyo "18", na yeye pia jina kapuni.

Vuta mikanda ya viti mpaka mwisho, angalia lebo chini kabisa. Mingi ina tarehe ya kutengenezwa. Mkanda mmoja ukitofautiana miaka na wenzake, uliza kwa nini ulibadilishwa.

Sasa injini. Sheria ya kwanza: usikubali kukuta gari linaunguruma. Mwambie muuzaji asiwashe mpaka ufike, na ukifika weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu kinafichwa, kwa sababu injini mgonjwa huonekana ikiwa imelala usiku kucha. Kabla hajawasha, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji na oili vimekutana. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake kwanza ndipo baadaye izime. Isipowaka kabisa, inawezekana kuna mtu ameiziba makusudi.

Likishawaka, nenda kasimame nyuma. Moshi mweupe mwepesi unaopotea baada ya muda mfupi ni mvuke tu. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usiokata ni maji yanaingia pasipotakiwa.

Kisha endesha, na siyo mita mia mbili kuzunguka yadi. Kanyaga breki, tia D: gia inatakiwa iingie kama mtu anavyokaa kwenye kochi, siyo kama anavyosukumwa mgongoni. Lipeleke kwenye foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, AC imewashwa, uangalie mshale wa joto. Lipitishe kwenye barabara ya vumbi usikilize bushi na shokapu zinasemaje. Mwisho lipeleke lipimwe kwa mashine kwa fundi wako, siyo fundi anayependekezwa na dalali. Fundi anayelipwa na muuzaji ni sehemu ya tangazo.

Kitu kimoja sikioni kikiongelewa kabisa mitandaoni, nacho kinahusu uhai. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ile yalifungwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofilisika 2017 baada ya mamilioni ya magari kuitwa yarudi duniani kote. Kemikali ya ndani huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu. Mfuko ukifumuka siku ya ajali, chombo chake kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Joto na unyevu, yaani Dar, Tanga, Mombasa. Ukipata namba ya chesi, ingia kwenye tovuti ya Toyota ya Japani uangalie kama gari hilo liliitwa na kama lilishatengenezwa. Ni bure, inachukua dakika chache.

Na pesa. Ukiwa na milioni 14, usinunue gari la milioni 14. Nunua la 11, tatu ibaki. Gari la umri huu likifika mkononi litataka oili, plagi 6, bushi, matairi na pengine pampu ya maji, kabla hata hujakata bima. Ukinunua kwa senti ya mwisho, siku fundi akikupigia utakimbilia mikopo ya kausha damu, na hapo gari halikubebi tena, unalibeba wewe.

Msimamo wangu ni huu: gari kuukuu siyo kosa. Mark X ya 2007 yenye stika zake, oili safi, mwenye gari mmoja anayekuonyesha risiti za gereji, ni bora mara kumi kuliko ya 2012 iliyopita mikononi mwa watu watano na kila mmoja alikuwa anaenda kuipostia tu. Mimi ningechukua 2.5, ningelipa kidogo zaidi kwa yenye historia, na ningeondoka mbio kwa muuzaji yeyote anayesema "kuna mtu mwingine anakuja kulipia jioni". Kabla ya kulipa, hakikisha kadi ina jina la anayeuza na gari halidaiwi faini. Huyo wa jioni mwache alichukue.

Haya, uwanja ni wenu. Unaloendesha ni la mwaka gani, kweli kweli? Usituandikie herufi. Tuandikie mwaka.