Safari ya Muuguzi ni Sehemu ya Zamu Yake

Kila siku, kabla mji wa Kampala haujaamka, wako watu wanaosimama kando ya barabara ya Jinja, pale Mukono, Seeta na Bweyogerere, wakingoja teksi za kwanza. Baadhi yao ni wauguzi na wakunga. Sare wamezikunja ndani ya mikoba, kwa kuwa vumbi la njiani halifai kuingia wodini. Watoto wamewaacha wamelala, na huenda wakirudi usiku wakawakuta wamelala tena. Wengi huhesabu jambo hili kuwa shida ya mtu na nyumba yake. Sisi twaliona kuwa ni jambo la utumishi wa taifa, na ndiyo maana twapenda kulichungua leo mbele yenu, ndugu askari wa jeshi na wa polisi.

Tuanze na hesabu. Kutoka Mukono hadi katikati ya Kampala ni kilomita 21 hivi. Umbali huo si mkubwa, lakini msongamano wa magari huurefusha, na anayekwenda Mulago hana budi kushuka mjini na kutafuta gari la pili. Muuguzi akitumia muda wa saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, siku 5 za kazi humla saa 20 njiani. Hiyo ni nusu ya juma la kazi la saa 40, na hakuna anayemlipa kwa nusu hiyo. Tena nauli yote hutoka katika mshahara ule ule unaongojwa na karo ya shule na mafuta ya kupikia.

Mtu atauliza: kwa nini basi asihamie karibu na hospitali? Swali hilo ni rahisi kwa asiyelipa kodi mjini. Huko mbali ndiko alikopata kiwanja cha bei anayoiweza. Ndiko iliko shule ya watoto. Na pengine ndiko aliko bibi mzee anayewaangalia wadogo mama anapokuwa zamu ya usiku. Hospitali mpya ya Mulago ilifunguliwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu watu milioni 9.5 katika Uganda nzima. Ile ya mwaka 2024 ilihesabu milioni 45.9. Wagonjwa wameongezeka, mji umetambaa mpaka vilima vya mbali, lakini nyumba za watumishi hazikuongezeka kwa kiasi hicho.

Tena kazi yenyewe huhama. Mulago ilipokuwa ikikarabatiwa, huduma nyingi zilipelekwa Kawempe na Kiruddu. Aliyekuwa amepanga chumba kaskazini mwa mji ili awe jirani na kazi yake, akapangiwa Kiruddu, ilimbidi sasa auvuke mji mzima kwenda kusini. Alikuwa amefanya lile wanalomshauri watu, na bado umbali ukamfuata.

Huko vijijini shida ina sura nyingine. Kituo cha afya cha daraja la tatu huwa na wodi ya wazazi, na uchungu wa kuzaa hauchagui saa. Mkunga anahitajiwa hapo usiku kama mchana. Lakini palipo na nyumba ya mtumishi, mara nyingi ni chumba kimoja, na mkunga ana mume na watoto. Akilala hapo, nyumba yake inabaki bila mama; akirudi kwake kwa bodaboda kila jioni, wodi inabaki bila mkunga. Mshika mbili, moja humponyoka. Naye anayeponyokwa si mkunga peke yake, ni pia yule mama aliyeletwa usiku wa manane akakuta mlango umefungwa.

Ninyi mlio katika majeshi hamhitaji kufundishwa jambo hili. Kambi zilijengwa kwa sababu mlinzi hawezi kulifikia lindo lake kwa kubahatisha gari. Mwajua pia kwamba askari aliyekesha bila kupumzika hulinda kwa macho yasiyoona. Basi na tumfikirie muuguzi aliyeamka saa 10 alfajiri, ambaye saa 10 alasiri anapima dawa ndani ya bomba la sindano. Mkono wake ukikosea, hakuna risasi itakayosikika, lakini mtu aweza kufa.

Hata hivyo hatusemi kwamba wauguzi wote wafungiwe ndani ya maboma ya hospitali. Nanyi mwafahamu uchungu wa kutengwa na nyumba, hasa askari aliye mpakani hali mkewe muuguzi yuko zamu mjini. Anayelala mlangoni pa kazi huitwa kila saa, na hatimaye hana nyumba wala mapumziko. Tunachotaka ni kipimo. Nyumba zijengwe za kukaa na jamaa, na wakunga wa vijijini wawe wa kwanza kupewa. Hospitali kubwa ziwe na gari la kuwachukua watumishi wa usiku. Zamu ibadilishwe saa ambazo teksi bado zapita. Na anayetoa amri ya uhamisho aulize kwanza watoto wa mtumishi wako wapi. Nyumba zahitaji fedha nyingi, hatukatai. Lakini kupanga zamu na kuuliza swali moja hakuhitaji bajeti mpya.

Mwezi wa Machi 2020 serikali ilisimamisha magari ya abiria kwa ajili ya ugonjwa wa korona, kisha ikaweka amri ya kutotoka nje usiku, ambayo iliondolewa Januari 2022. Siku zile wako wauguzi waliokwenda kazini kwa miguu. Ndipo nchi ilipoona waziwazi kwamba kitanda cha mgonjwa na kitanda cha muuguzi vimetenganishwa na barabara, na kwamba katika barabara ile amesimama askari.

Askari huyo yungalipo leo, kwenye doria na kwenye vizuizi. Nyumba zikingojwa kujengwa, salama ya njia ya usiku imo mikononi mwake. Mwanamke anayetembea peke yake saa 4 usiku na sare ndani ya mkoba asidhaniwe vibaya. Atazamwe kitambulisho chake, aulizwe kwa heshima, apitishwe upesi. Yeye pia anatoka lindoni, na nyumbani kuna mtoto anayejitahidi asilale mpaka amwone mama yake.