Karani mpya tumpe jembe, tusimpe ufunguo wa ghala

BEI ya ukarani imeshuka. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Lindi ambaye hana uwezo wa kuajiri katibu muhtasi, leo anaweza kubandika kwenye kivinjari cha kompyuta yake programu ndogo, inayoitwa kiendelezi, ikamsomea barua pepe, ikamwandikia majibu kwa Kiingereza safi, ikaketi naye kwenye mkutano wa Zoom au Google Meet na kumwandalia muhtasari. Huduma nyingi za akili mnemba za namna hii huuzwa kwa dola 20 hivi kwa mwezi, na nyingine hutolewa bure. Microsoft ilipotoa msaidizi wake wa Copilot kwa makampuni Novemba 2023, bei ilikuwa dola 30 kwa mtumiaji mmoja kwa mwezi. Kwa watu watano bei hiyo ni dola 150, fedha ambayo haimtoshi katibu mmoja mzoefu.

Safu hii haina ugomvi na bei hiyo. Wauzaji wetu wa nje wamepoteza wateja kwa miaka mingi kwa sababu tu barua ilikaa siku nne bila kujibiwa, au ilijibiwa kwa lugha iliyomtia mnunuzi wasiwasi. Karani asiyelala, anayeweza kusoma mlolongo wa barua 40 na kueleza kwa mistari mitano nani anadai nini, ni msaada mkubwa. Tunachokipinga ni namna anavyoajiriwa. Hakuna mwenye duka anayemwokota mtu barabarani asubuhi, na ifikapo mchana akamkabidhi muhuri, daftari la wateja na ufunguo wa ghala. Kwa karani huyu wa kompyuta ndivyo tunavyofanya, na tunafanya kwa kubonyeza mara moja.

Tuanze na muhuri. Mfanyabiashara mmoja wa ufuta, ambaye ofisi yake haiko mbali na yetu, alikuwa na mkutano wa mtandaoni na mnunuzi wa nje kuhusu makontena matatu, jumla ya tani 57. Mazungumzo yalikwenda nusu Kiingereza, nusu Kiswahili, kwa kuwa wakala wa mnunuzi ni mtu wa huku. Mnunuzi aliomba apunguziwe dola 40 kwa tani. Mwenzetu akajibu kama ambavyo yeyote kati yetu angejibu: "Sawa, tutaangalia." Msaidizi wake aliandika kwenye muhtasari kwamba punguzo limekubaliwa. Kwa kuwa alikuwa amepangwa kutuma muhtasari kwa washiriki wote mara mkutano unapokwisha, aliutuma kabla mwenyewe hajainuka kitini.

Mnunuzi aliushika muhtasari ule kama hati. Baada ya siku tatu za kubishana, na meli ikikaribia kufunga mizigo, walikubaliana kugawana hasara. Dola 20 kwa tani, mara tani 57, ni dola 1,140. Fedha hiyo ingelipia huduma ya dola 20 kwa miezi 57.

Wapo watakaosema hilo ni kosa dogo la tafsiri ambalo toleo lijalo litalirekebisha. Hatuafiki. Katika biashara zetu "sawa" ni neno lenye kazi nyingi. Laweza kuwa "nimekubali", na laweza kuwa "nimekusikia". "Tutaangalia" mara nyingi ni "hapana" ya mtu mwenye adabu. "Mungu akipenda" hutegemea anayesema, anamwambia nani, na amesema akiwa anatazama wapi. Karani aliyekulia hapa anayajua hayo bila kufundishwa. Mashine inapoyageuza kuwa Kiingereza cha mkataba, inaondoa ile nafasi ya kupumua ambayo ndiyo majadiliano yenyewe. Na sheria haitatuonea huruma: tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, maandishi ya kompyuta hayakataliwi nchini Tanzania kwa sababu tu si ya karatasi.

Sasa tuje kwenye ufunguo. Unapobandika kiendelezi, kivinjari hukuonyesha ombi la ruhusa. Vingi huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha taarifa zako kwenye tovuti zote unazofungua. Maneno hayo yachukuliwe kama yalivyo. Tovuti zote ni pamoja na barua pepe, akaunti ya benki na mfumo wa forodha. Hata kama aliyekitengeneza ni mwaminifu, kiendelezi hujisasisha chenyewe bila kukuuliza. Desemba 2024 kampuni ya Marekani iitwayo Cyberhaven, ambayo kazi yake ni kulinda taarifa za wateja, ilipatwa na mkasa. Mfanyakazi wake alidanganywa kwa barua pepe iliyojifanya kutoka duka la viendelezi la Google. Siku ya Krismasi toleo lenye wizi ndani yake likasambazwa kwa jina la kampuni hiyo, wakati kiendelezi chake kilikuwa na watumiaji wapatao 400,000. Uchunguzi ulionyesha kuwa viendelezi vingine kadhaa viliingiliwa katika kampeni hiyo hiyo, baadhi vikiwa vya wasaidizi wa akili mnemba. Wateja hawakuwa wamekosea lolote. Walikuwa wamempa karani ufunguo, na mwizi akavaa sare ya karani.

Kuna hatari nyingine ngeni kidogo. Msaidizi anayesoma barua zako anaweza kupewa amri na barua yenyewe. Juni 2025 watafiti walitangaza udhaifu katika Copilot ya Microsoft, ambao waliuita EchoLeak: barua moja yenye maagizo yaliyofichwa ingeweza kumfanya msaidizi atoe taarifa za ndani za ofisi, bila mpokeaji kubonyeza chochote. Microsoft ililiziba tundu hilo na kusema hakuna mteja aliyeathirika. Lakini somo linabaki. Karani anayetii kila barua inayopita mezani kwake hafai kuachwa peke yake na barua za malipo. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea malalamiko ya hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.7 kwa mwaka 2024 pekee kutokana na ulaghai wa barua pepe za biashara, ambapo mtu hujifanya muuzaji na kuomba fedha zielekezwe kwenye akaunti "mpya". Mlaghai wa namna hiyo hatafuti nywila yako tu. Anatafuta kujua shehena ipi inalipwa lini, na hayo yote yamo kwenye muhtasari mzuri wa mistari mitano.

Tatu ni daftari la wateja. Anayeketi mkutanoni nawe hakukubali sauti yake ihifadhiwe kwenye kompyuta za kampuni asiyoijua. Marekani, kampuni ya Otter.ai ilishitakiwa Agosti 2025 huko California kwa madai ya kurekodi mazungumzo bila ridhaa ya washiriki wote. Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Kenya ina sheria yake tangu 2019. Mwenye kampuni hawezi kujitetea kwamba ni kijana wa mapokezi aliyebandika programu ya bure.

Tunapendekeza nini? Kwanza, mwenye ofisi akague wiki hii kompyuta zote na kuorodhesha viendelezi vilivyomo. Visivyojulikana viondolewe. Pili, msaidizi aandike, lakini asitume. Kila barua yenye bei, kiasi au tarehe isomwe na mtu ambaye jina lake litakuwa chini yake. Tatu, shughuli za benki na forodha zifanyike kwenye kivinjari kingine kisicho na kiendelezi chochote. Kwa zilizobaki, Chrome inaruhusu kukifungia kiendelezi kwenye tovuti ulizozitaja tu. Nne, washiriki waambiwe mwanzoni kwamba mkutano unarekodiwa, na anayekataa aheshimiwe. Tano, kabla ya kuagana, mtu mmoja ataje kwa sauti yaliyokubaliwa na yasiyokubaliwa, kwa tarakimu. Mwenzetu wa ufuta angesema, "bei haijabadilika mpaka tuwaandikie," na dola 1,140 zingebaki Lindi. Sita, badiliko lolote la namba ya akaunti lithibitishwe kwa simu, kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani.

Masharti haya hayatagharimu hata senti, na hayatampunguzia karani kasi yake. Yatampunguzia mamlaka, ambayo hatukupaswa kumpa tangu mwanzo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe na ufunguo wa ghala.