Askari wa Sentimita Tatu si Mwanasesere

Mwezi uliopita, kwenye ibada ya Kiswahili hapa Midlands, Uingereza, mhubiri mgeni alisema ugonjwa wa Ulaya ni watu wazima kugoma kukua. Akatukumbusha Paulo na Wakorintho na habari ya kuachana na mambo ya kitoto, kisha akatoa mfano. Alikuwa amelala kwa kijana mmoja wa kwetu, fundi umeme, baba wa watoto wawili, akamkuta usiku mezani anapaka rangi vijisanamu vya askari. "Mwanamume mwenye ndevu na wanasesere!" Kanisa zima likaangua kicheko. Kijana mwenyewe alikuwa amekaa safu ya nne, mkewe pembeni yake.

Mimi sikucheka. Ile meza naijua, maana Ijumaa nyingi nakaa hapo na kijana huyo, na kilichopo juu yake hakina utoto hata chembe.

Askari hao wana urefu wa milimita 28 hivi. Wanauzwa vipande vipande, plastiki ya kijivu ikiwa bado imeshikana na fremu yake: kiwiliwili huku, mikono kule, vichwa vimepangwa pembeni. Wengi hapa Uingereza wanajenga majeshi ya Warhammer, mchezo wa mezani wa vita vya kubuni uliotoka mwaka 1983, wa kampuni ya Games Workshop ambayo leo ina makao yake Nottingham na ambayo Desemba 2024 iliingia kwenye orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Sisi wawili tulichagua Vita vya Kwanza vya Dunia kama vilivyopiganwa kwetu Afrika Mashariki, tangu mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 mpaka siku kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliposalimisha silaha Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918.

Vita vile vilibebwa vichwani. Mbung'o waliwamaliza farasi, punda na maksai, kwa hiyo chakula, risasi na hata mizinga iliyofunguliwa vipande vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na utapiamlo. Ukitaka kulipanga jeshi lolote la vita hivyo mezani kwa ukweli, lazima uwe na wapagazi wengi kuliko askari. Madukani mambo ni kinyume: askari tele, wapagazi wa kuhesabu, na mikao yao ni ileile.

Basi kijana wetu anawatengeneza mwenyewe. Anachukua mpiganaji wa Mahdi wa plastiki, wa vita vya Sudani, anakata mkuki kwa kisu chembamba, kisha anakata mkono kwenye kiwiko. Anatoboa tundu kwa keekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole, anaingiza kipande cha waya, anaupachika mkono upya ukiwa umeelekea juu, kushikilia mzigo. Halafu unakuja udongo wa epoksi, ule wa rangi mbili, manjano na buluu, unaokandwa mpaka ugeuke kijani kitupu. Kuanzia hapo ana saa moja na kidogo kabla haujagoma. Anasokota uzi mwembamba wa udongo huo, anauzungusha juu ya utosi, analowesha ncha ya kisu ili usinate, kisha anaikandamiza mistari ya nguo iliyosokotwa. Hiyo ni ngata. Kitu cha milimita nne, na mtu yeyote aliyewahi kumwona mama akitoka kisimani anaitambua.

Mhubiri alilala nyumba hiyo na ngata ile hakuiona.

Rangi nayo ina elimu yake. Miongozo mingi ya hapa inafundisha ngozi nyeupe kwa hatua sita, na ngozi nyeusi inaelezwa kwa mstari mmoja: paka kahawia. Matokeo yake ni askari wenye nyuso bapa zisizo na uhai. Kijana wetu anaanzia kahawia iliyoiva yenye wekundu ndani yake, anaacha rangi ya majimaji itiririke na kutulia kwenye makunyanzi, kisha anapandisha mwanga kidogo kidogo kwenye shavu, paji na mgongo wa pua. Kila tabaka ni jepesi kama chai ya rangi, maana ukipaka nzito unaufukia uso. Ametengeneza wapagazi ambao hakuna wawili wenye ngozi moja, kama ambavyo hakuna wawili walio na ngozi moja katika ukoo wowote wa Tabora.

Sasa nauliza, na nitauliza mpaka nijibiwe: kati ya mtu huyo na kicheko cha kanisa, nani anatengeneza kitu? Jioni anakaa na plastiki ya kijivu. Usiku anainuka na mtu ambaye hakuwepo duniani. Wale waliocheka, wengi wao, wakitoka kazini wanakaa mbele ya televisheni kuwatazama wanaume ishirini na wawili wakikimbiza mpira, na wengine wana mikeka ya kubeti mfukoni ibada ikiendelea. Hakuna anayewaita watoto. Kutazama ni utu uzima, kutengeneza ni utoto! Nani alitufundisha hesabu hiyo?

Wako wanaosema tatizo ni sanamu yenyewe, kwamba mtu mzima hashughuliki na askari wa bandia. Nendeni Dar es Salaam, Mtaa wa Samora. Pale katikati amesimama askari wa shaba tangu mwaka 1927, na bunduki yake yenye singe. Mchongaji wake, James Alexander Stevenson, alifanya kazi ileile anayoifanya kijana wetu: alikaa akafikiria mkunjo wa nguo, mkao wa mguu, uzito wa bunduki mkononi. Nairobi kuna kundi la sanamu zake la mwaka 1928, na mpagazi yumo. Watu wazima wanapiga picha hapo. Kama ni urefu tu unaotofautisha kumbukumbu na mwanasesere, mtutajie ni sentimita ngapi zinazotosha.

Na kucheza? Ndiyo, tukimaliza tunawapanga mezani na kucheza. Mwaka 1942, Liverpool, Kapteni Gilbert Roberts wa jeshi la majini la Uingereza aligeuza sakafu kuwa bahari, akachora mistari ya chaki na kusogeza meli ndogo za mfano, akisaidiwa na wasichana wa kikosi cha wanawake. Maofisa waliokuwa wakisindikiza misafara ya Atlantiki walipitishwa pale kwa maelfu, wakajifunza jinsi ya kuwinda nyambizi za Wajerumani, kisha wakarudi baharini. Waelezeni maofisa hao kwamba walikuwa wanacheza kitoto.

Kuna shemeji yangu mwenye hoja yake: kama unawapenda sana, si ununue waliokwisha kupakwa rangi? Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo ninayoisikia kila wiki. Ni hoja ileile iliyowaua maseremala wetu. Mtu anaacha kitanda cha mninga cha fundi wa mtaani, anakwenda kununua cha mbao za unga zilizobandikwa karatasi, kinavunjika kabla ya mwaka, halafu analalamika kwamba mafundi hawapo. Na huyuhuyu shemeji ndiye mweka hazina wa kamati za harusi zetu, mwenye kututumia ujumbe wa mchango usiku wa manane kwa ajili ya ukumbi na keki ya ghorofa tano. Hapo hasemi pesa zinapotea. Sanduku la askari arobaini linamshughulisha mtu miezi. Ile keki haikufika saa sita usiku.

Aliye na shaka kwamba hii ni kazi ya mikono hasa, amtazame Michael Perry, mmoja wa mapacha wachongaji wa Nottingham. Mwaka 1996, katika maigizo ya vita vya kale huko Ufaransa, mzinga ulimkata mkono wa kulia, mkono aliochongea maisha yake yote. Akajifunza kuchonga kwa mkono wa kushoto, akaendelea, na vijisanamu vyake viko mezani kwetu. Kwa mwanasesere, nani angejisumbua hivyo?

Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe ameomba koleo na brashi, ampe. Asimnunulie jeshi zima, atalemewa na kuliacha kabatini. Askari kumi wanatosha, pamoja na kisu, gundi ya plastiki, brashi mbili na rangi tano. Amfundishe kuparua ule mstari wa kiwandani unaopita ubavuni kabla ya kupaka chochote, kwa sababu ukipakwa rangi unaonekana mara mbili. Rangi ya kopo la kupuliza apulizie nje, siku isiyo na mvua. Na kama mzazi huyo anajua habari za babu aliyebeba mizigo ya vita vile, amsimulie wakati mkono wa mtoto uko kazini.