Msasa Weka Chini Kwanza

Mwezi huu simu na meseji zake tuziache kidogo. Tuongelee ugomvi mwingine wa ndani ya nyumba: kitu cha ukoo ambacho mmoja anakiona hazina na mwenzake anakiona kuni.

Kwetu ni kitako cha bunduki. Usishtuke, ni mti tu, ule wa kuegemeza begani. Bunduki yenyewe ilishasalimishwa polisi zamani, mwenyewe akiwa hai. Kitako hiki kilikuwa kimeshapasuka, mzee akachongesha kingine cha mninga (Tabora mninga si wa kutafuta), na cha zamani kikabaki kwa mama mkwe, Ng'ambo, kazi yake kuzuia mlango usijibamize. Miaka yote hiyo! Mpaka baba watoto alipokifunga kwenye kanga, akapanda nacho basi kuja Dar.

Ukoo unasema ilikuwa Mauser ya Mjerumani, toleo la mwaka 1871, na babu mzaa babu yake aliipata Septemba 1916, Wajerumani walipouacha mji wa Tabora na Wabelgiji wakaingia. Hadithi za ukoo tunazijua, lakini hii ina mashiko. Vita ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Mjerumani huku kwetu bado walikuwa na bunduki hizo, ambazo Ulaya zilishapitwa na wakati: risasi moja moja, tena baruti yake ina moshi mzito unaomwonyesha adui mpigaji yuko wapi. Wala haikuwa mara ya kwanza kupokea silaha zilizochokwa na wenyewe. Karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kufuata pembe ilifika Unyanyembe na bunduki kuukuu za Ulaya, na Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, aliwapigania wafanyabiashara hao hao njia kwa silaha za namna hiyo.

Sasa, baba watoto alitaka nini? Kipigwe msasa wa mashine, kipakwe vanishi mpaka king'ae kama kaunta ya baa, kitundikwe sebuleni. Mama mkwe akasikia, akapiga simu. "Baba, zile alama msiziguse."

Alama zipo mbili. Kuna mhuri wa herufi uliogandamizwa kwenye mti, wa kijeshi nadhani. Na chini yake kuna mikato saba ya kisu. Mimi nilidhani ni simba. Kumbe yule mzee alikuwa anakata mkato kila akizaliwa mtoto, na mkato wa tano ndio babu yake mume wangu. Hana picha, hana cheti cha kuzaliwa, ana ule mkato. Mume wangu alikuwa hajui. Alikaa kimya mpaka chai ikapoa.

Msasa ukaahirishwa. Uchafu na mafuta ya zamani tuliyatoa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, madirisha wazi. Palipobonyea unaweka kitambaa kibichi, unapitisha pasi ya moto sekunde chache. Mvuke unazivimbisha nyuzi za mti, zinarudi juu. Usifanye hivyo karibu na mhuri, nao utavimba upotee. Ufa tuliujaza gundi ya mbao. Halafu mafuta ya mbegu za kitani yaliyochemshwa: matone machache, sugua kwa kiganja mpaka kipate joto, futa yanayobaki, subiri siku nzima, rudia. Vanishi inakaa juu ya mti na siku moja itabanduka. Mafuta yanaingia ndani. Usiku nane tumesugua kwa zamu, tivii imezimwa, na nimesikia habari za ukoo ambazo miaka tisa ya ndoa sikuwahi kuambiwa. Kimetoka na rangi ya asali ya Tabora, ile nyeusi nyeusi.

Jamani, matambara ya mafuta hayo msiyakunjekunje mkayatupa kwenye ndoo. Yakikauka yanatoa joto na yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje, au yaloweke kwenye maji.

Na kama kwenu iliyobaki ni bunduki nzima, hata gobore lenye kutu, usimpelekee fundi wa mtaani. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali ni cha aliyepewa, hakirithiwi kama shamba. Polisi kwanza, urembo baadaye. Mke anayekataa silaha isiyo na kibali ilale chumba kimoja na watoto wake asiambiwe hathamini ukoo.

Sisi tumebaki na ugomvi wa ukuta. Yeye anataka juu ya tivii, mimi nasema korido. Mama mkwe naye anauliza kinarudi lini, maana mlango wake unajibamiza.