Kuelewa Si Kucheka

Jioni moja niliketi katika hoteli ndogo karibu na soko la Gakoromone, mjini Meru. Kwenye runinga ya ukutani kulikuwa na vichekesho vya Kikuyu. Mchekeshaji alitupa neno, na kijana mmoja aliyelelewa Thika akaangua kicheko hadi chai ikamwagika mezani. Sisi wengine tulicheka baada yake. Mzee aliyekaa upande wangu akamgeukia: "Amesemaje?" Kijana akaeleza neno kwa neno. Mzee akaitikia kwa kichwa, akatabasamu kwa adabu, akarudi kwenye chapati yake.

Mzee yule anasikia Kikuyu. Amefanya biashara Karatina na Nairobi miaka mingi, na hakuna anayeweza kumdanganya bei kwa lugha hiyo. Hata hivyo mzaha ulimpita, na ulipokuja kuelezwa ulikuwa umeshapoa.

Nimeanza na mzee huyu kwa sababu kuna imani imeota mizizi kwetu na inatuumiza. Imani yenyewe ni kwamba watu wa Meru na Embu hawahitaji filamu kwa lugha zao, kwa kuwa wanasikia Kikuyu, na kisiposikika Kikuyu kuna Kiswahili. Mlima Kenya ni mmoja, tunaambiwa, na lugha ni za ndugu. Imani hiyo ina pacha wake. Akitokea kijana akasema anataka kuchukua hadithi iliyopendwa kwa jirani na kuiigiza upya kwa Kimeru au Kiembu, anaitwa mvivu, mwigaji, hata mwizi. Kwa hiyo tunaambiwa hatuhitaji chetu, na papo hapo tunakatazwa kukichukua cha jirani tukakifanya chetu. Nasema imani zote mbili ni za uongo, na kuna watu walioishi hali kama yetu wakazikataa.

Watu hao wako kusini mwa India. Katika jimbo la Karnataka watu huzungumza Kikannada. Mpakani mwao, Andhra Pradesh na Telangana, huzungumzwa Kitelugu. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu wasemaji wa Kitelugu wapatao milioni 81, na wa Kikannada wapatao milioni 44. Hati za lugha hizo mbili zimetokana na hati moja ya kale, na mgeni akizitazama huona mwandiko mmoja. Katika jiji la Bengaluru, sinema za Kitelugu hujaza kumbi, na watazamaji wengi huzifuata bila mkalimani. Hoja ya "wanasikia, inatosha" ingepaswa kushinda huko kabla ya kufika kwetu.

Haikushinda. Mwaka 2015 mwongozaji Maruthi alitoa filamu ya mapenzi na vichekesho kwa Kitelugu, Bhale Bhale Magadivoy, akimtumia mwigizaji Nani. Ni kisa cha kijana msahaulifu kupindukia. Baba mmoja anamkataa kuwa mkwe kwa sababu ya usahaulifu huo, kisha kijana anampenda msichana bila kujua kwamba ni binti wa mzee yuleyule. Ili asitambuliwe, anamsukuma rafiki yake mbele ya mzee ajifanye ndiye yeye. Filamu ilivuma sana. Mwaka uliofuata, Ramesh Aravind aliiongoza upya kwa Kikannada kwa jina Sundaranga Jaana, Ganesh akawa kijana yule na Shanvi Srivastava akawa mpenzi wake. Baadaye Watamil nao wakaichukua, wakatoa Ghajinikanth mwaka 2018. Kisa kimoja kimechezwa kwa lugha tatu, na kila hadhira ilipewa waigizaji wake na mizaha yake.

Kweli, Karnataka ilikuwa na msukumo wa pekee. Kwa miongo kadhaa wakubwa wa tasnia ya Kikannada walizuia filamu za nje zisitiwe sauti ya Kikannada na kuonyeshwa, hivyo hadithi iliyotaka kuingia kwa lugha hiyo ilibidi ichezwe upya. Zuio hilo halikuwa sheria ya bunge, na mwaka 2015 tume ya ushindani ya India iliwaadhibu walioliendesha. Siliombi zuio kama hilo hapa, maana kumfungia mtazamaji mlango si ulinzi wa lugha. Lakini tazama: Sundaranga Jaana ilitoka mwaka 2016, baada ya uamuzi ule. Njia ya kutia sauti ilikuwa imefunguliwa kisheria, na bado watu walichagua kumwita Ganesh na kupiga picha upya. Walijua kwamba kumwelewa mtu ni jambo moja, na kucheka naye ni jingine.

Sisi tunalijua hilo pia, ila hatujalikubali kwa maneno. Panda matatu Embu mjini uelekee Meru. Dereva amefungua Wimwaro FM, na abiria wa Runyenjes wanajibizana na mtangazaji kana kwamba yumo ndani ya gari. Mkivuka Thuci, mkaipita Chuka na kuteremka Nithi, mkono wa dereva unakwenda kwenye redio bila kuambiwa, na kufikia Nkubu ni Muuga FM inayosikika. Jina lenyewe ni salamu: "muuga" ndivyo Mmeru anavyomwamkua mwenzake. Mama aliyekuwa amesinzia tangu Embu anafumbua macho na kucheka. Hakuna aliyemfafanulia kitu.

Lugha hizi ni za ndugu, sikatai, na Kiembu kiko karibu na Kikuyu kuliko kilivyo Kimeru. Lakini mwanamke, ambaye ndiye kiini cha kila filamu ya mapenzi, Mkikuyu humwita mutumia na Mmeru humwita mwekuru. Ikiwa neno la kwanza kabisa la mapenzi limetofautiana, je, utani, tashtiti, maneno ya kubembeleza na ya mkwe kumpima mkwe? Na ndani ya Kimeru chenyewe, Mwimenti humtania Mtigania kwa matamshi yake, naye Mwigembe huwatania wote wawili. Huo ni utajiri mtupu wa mwandishi wa vichekesho, na umelala bila kuguswa.

Hebu tukilete kisa kile cha kijana msahaulifu hadi Igembe. Kijana anakwenda kuposa. Kwa desturi ya huko, kifurushi cha miraa kilichofungwa vizuri hutangulia maneno, na mzee akikipokea amekubali mazungumzo yaanze. Kijana wetu anakisahau ndani ya matatu Maua, anafika kwa mkwe na mikono mitupu, amejaa tabasamu. Mtazamaji wa Igembe atashika kichwa kabla mwigizaji hajafumbua kinywa. Mtazamaji wa Kiambu ataona kijana aliyesahau mzigo, basi. Kivushe kisa hichohicho hadi Mbeere, na kinachosahaulika huenda kikawa ni pombe ya asali, na mzee atakasirika kwa namna nyingine na kwa methali nyingine. Hapo mwandishi hajanakili. Amepokea mfupa, akauvika nyama ya kwao.

Wanaosema kuchukua kisa ni wizi wamesahau walikosomea. Shakespeare alikitoa kisa cha Romeo na Juliet kwenye utenzi wa Arthur Brooke uliochapishwa 1562, na kile cha Kaizari kwenye maandishi ya Plutarch. Mwalimu Nyerere naye akamchukua Shakespeare, akaitafsiri Julius Caesar mwaka 1963 na kutupa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hakuna aliyemwita Mwalimu mvivu. Pale Mombasa, Juma Bhalo alizichukua tuni za filamu za Kihindi akazitilia mashairi ya Kiswahili, na harusi za pwani zikakesha naye. Dar es Salaam, Lufufu alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili hadi watu wakanunua kanda kwa ajili ya sauti yake. Na kwenye vibanda vya video vya Maua na Siakago, nani hajaketi kwenye benchi la mbao akamsikiliza DJ Afro akiwapa mashujaa wa Hong Kong na India majina na vitisho vya mitaani kwetu? Waliokuwa kwenye benchi lile hawakufuata hadithi mpya. Walifuata hadithi ngeni iliyosemwa kwa kinywa wanachokijua.

Najua hoja itakayobaki: soko ni dogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru na 608,599 katika Kaunti ya Embu. Hao ni zaidi ya milioni mbili, kabla hujawaongeza wa Tharaka Nithi na waliohamia Nairobi na Mombasa. Wafanyabiashara wa redio walipiga hesabu hiyo zamani, ndiyo maana Muuga na Wimwaro zipo hewani na Weru TV inatangaza kutoka Meru. Wanakanisa waliipiga mapema zaidi. Biblia ya Kikuyu ilikuwapo, na Wameru wengi walikuwa wakiisikia, lakini Biblia kamili ya Kimeru ilichapishwa 1964. Waliofanya kazi ile walijua kwamba mtu akilia kwa Mungu wake hulia kwa lugha ya mama yake. Kicheko hakina tofauti na kilio.

Basi nawaomba wenye vituo, serikali za kaunti hizi mbili na vijana wenye kamera msingoje kisa ambacho hakijawahi kusimuliwa chini ya jua. Tafuteni kisa kilichokwisha kuwachekesha watu, cha Kikuyu, cha Kikamba, cha Dar es Salaam au cha Kitelugu. Kinunueni kihalali, kwa maana Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mtunzi mamlaka juu ya kila toleo jipya la kazi yake, na anayechukua bila ruhusa huyo ndiye mwizi wa kweli. Andikeni jina lake wazi mwanzoni mwa filamu. Kisha kaeni na wazee wa Igembe na akina mama wa Runyenjes, muwaulize: kwenu, mkwe akikosea hivi, mnasemaje? Majibu yao ndiyo filamu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mzee wa Gakoromone amekaa miaka mingi akitabasamu kwa adabu mbele ya kicheko cha wengine. Anastahili filamu moja itakayomfanya amwage chai yake mwenyewe, kisha kijana wa Thika ndiye amgeukie na kumuuliza amesemaje.